Kesi ni ya Nani Mwajiri Anapoiibia Serikali?

Mali ya umma huibwa kwa karatasi. Kampuni ya ujenzi inadai malipo ya kilomita 10 za lami ilhali imemwaga 7. Zahanati inaandika kwamba mgonjwa aliyepima malaria asubuhi na kurudi kwake kabla ya adhuhuri alilazwa siku tatu. Msambazaji anapeleka bohari dawa zilizobakiza miezi miwili kuisha muda, kwa bei ya dawa mpya. Karatasi hizo hazijiandiki. Yupo aliyejaza fomu, yupo aliyegonga muhuri, na yupo aliyeambiwa “weka sahihi hapo, mengine tuachie sisi”. Mkaguzi wa serikali atakuja baadaye sana, atakuta mafaili yamepangwa na hesabu zimelingana, atakunywa soda yake na kuondoka. Anayeujua ukweli ni karani, nesi, mtunza stoo, mhasibu msaidizi. ACFE, chama cha kimataifa cha wachunguzi wa ulaghai, kiliripoti mwaka 2024 kwamba asilimia 43 ya visa vya ulaghai kazini kilivyovichambua viligunduliwa kwa sababu kuna mtu aliyetoa taarifa, na zaidi ya nusu ya watoa taarifa hao walikuwa wafanyakazi. Ukaguzi wa ndani na wa nje, hata ukijumlishwa, haukukaribia kiwango hicho.

Basi mfanyakazi huyu akiamua kusema, sheria inampa nini mkononi? Ukizisoma sheria za nchi mbalimbali utakuta majibu ya aina mbili. Jibu la kwanza linampa mahali pa kupeleka habari, pamoja na ahadi ya kulindwa: wasilisha kwa mamlaka husika, nenda zako, subiri. Jibu la pili linampa kesi. Yeye mwenyewe anaingia mahakamani kwa niaba ya serikali, jina lake likiwa kwenye hati ya madai, na serikali inalazimika kumjibu. Ninavyoona mimi, tofauti ya majibu haya mawili ni kubwa kuliko watunga sheria wetu wanavyodhani, na ndiyo inayoeleza kwa nini katika nchi moja wafanyakazi hufichua wizi wa mabilioni kila mwaka, na katika nchi nyingine hunyamaza, au husema mara moja tu kisha wakageuka mfano wa kuwatishia wenzao. Tumezoea kulizungumza jambo hili kwa lugha ya ushujaa. Mashujaa wapo kila nchi. Adimu ni sheria inayoufanya ushujaa wao usiwe ujinga.

Mfano wa kuwatishia wenzao Kenya inaujua vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya Goldenberg International ilikuwa ikilipwa na serikali fidia ya asilimia 35 ya thamani ya dhahabu na almasi iliyodai kuuza ng'ambo, katika nchi yenye dhahabu kidogo na isiyo na almasi ya kuuza. Karatasi za biashara hiyo zilipitia Benki Kuu. David Munyakei, karani kijana katika idara iliyoshughulikia fedha za mauzo ya nje, alikuwa miongoni mwa waliozishika fomu za mauzo ya nje ziitwazo CD3 na kuona kiasi kilichoandikwa humo. Nakala ziliwafikia wabunge wa upinzani Paul Muite na Peter Anyang' Nyong'o, na mwaka 1993 sakata likalipuka. Munyakei alikamatwa, akashtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali. Mashtaka hayakufika mbali, lakini kazi aliipoteza na hakurudishwa. Mwaka 2004 Transparency International ilimpa tuzo ya uadilifu. Tume ya Jaji Samuel Bosire ilichunguza sakata lenyewe kwa kirefu. Mwaka 2006 Munyakei alifariki akiwa mtu maskini.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya mtu mwema aliyedhulumiwa, na ni kweli alidhulumiwa. Ila tukitazame kwa jicho la mwanasheria. Katika vitabu vyote vya sheria vya Kenya vya wakati ule, sheria iliyomtambua Munyakei kwa alichokifanya ni ile iliyomshtaki. Alikuwa na ushahidi ambao baadaye taifa zima liliukubali, lakini hakukuwa na mahakama ambayo angeweza kuingia akasema: fedha za serikali zinaibwa, nyaraka ni hizi, naomba mwizi aamriwe kuzirudisha. Mwenye haki ya kudai alikuwa serikali peke yake, na serikali haikutaka. Yeye alibaki na taarifa tu, na mwenye taarifa humtegemea mwingine kwa kila hatua inayofuata.

Marekani ilikutana na tatizo hilo hilo katikati ya vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe. Wafanyabiashara waliuzia jeshi la Abraham Lincoln nyumbu wagonjwa, sare zilizochanika baada ya mvua ya kwanza, na baruti ambayo inasemekana ilichanganywa na unga wa mbao. Mwezi Machi 1863 ikapitishwa Sheria ya Madai ya Uongo. Yeyote aliyeidai serikali malipo kwa hila angelipa mara mbili ya hasara pamoja na faini ya dola 2,000 kwa kila dai. Kilichokuwa kigeni zaidi ni kwamba raia wa kawaida aliruhusiwa kufungua kesi hiyo kwa niaba ya serikali, na akishinda alichukua nusu ya kitakachopatikana. Seneta Jacob Howard aliyeutetea muswada hakujifanya malaika. Alisema wazi kwamba nia ni kumtumia mhalifu kumnasa mhalifu mwenzake. Dawa ya moto ni moto.

Kilichoipata sheria hiyo baadaye ni cha thamani kwetu kuliko hata kuzaliwa kwake, kwa sababu kinatupa nafasi ambayo haipatikani mara nyingi katika mambo ya sheria: kuona watu wale wale wakiishi chini ya kanuni mbili tofauti. Mwaka 1943, baada ya watu kugundua kwamba wanaweza kunakili hati ya mashtaka ya jinai iliyokwisha kutangazwa na kuifungulia kesi ya madai ili wapate nusu, Bunge lilikasirika na kuibana sheria kupita kiasi. Mgawo ukapunguzwa sana. Kesi yoyote iliyotegemea habari ambazo serikali tayari ilikuwa nazo ikapigwa marufuku, hata kama mwenye kuzipeleka serikalini alikuwa huyo huyo mlalamikaji. Mwaka 1984 mahakama ya rufaa iliitupa kesi ya jimbo la Wisconsin kwa sababu hiyo, ingawa ni jimbo lenyewe lililoigundua hila na kuipa serikali kuu habari. Kwa miaka zaidi ya 40 sheria ilikuwepo vitabuni na karibu hakuna aliyeigusa. Kisha mwaka 1986, katika enzi ya matumizi makubwa ya kijeshi na ile nyundo ya dola 435 iliyovuma magazetini, Seneta Charles Grassley na Mbunge Howard Berman waliongoza marekebisho yaliyoifungua upya: fidia mara tatu ya hasara, mgawo wa uhakika kwa aliyefichua, na ulinzi kwa aliyefukuzwa kazi. Mwaka 1987 zilifunguliwa kesi za namna hiyo takriban 30. Katika mwaka wa fedha ulioishia Septemba 2024 zilifunguliwa 979, nyingi kuliko mwaka wowote kabla yake. Mwaka huo serikali ilirudishiwa zaidi ya dola bilioni 2.9, na zaidi ya bilioni 2.4 kati ya hizo zilitokana na kesi zilizoanzishwa na watu binafsi. Wamarekani hawakuwa waoga kati ya 1943 na 1986, kisha wakawa majasiri ghafla. Kilichobadilika ni sheria.

Utaratibu wenyewe una akili kuliko unavyoonekana kwa mbali. Mfanyakazi, kwa kawaida akiwa na wakili, anawasilisha hati ya madai katika mahakama ya shirikisho kwa siri, chini ya lakiri. Mwajiri hapelekewi nakala wala hajui. Wakati huo huo mfanyakazi anaikabidhi Wizara ya Sheria maelezo ya maandishi yenye ushahidi wote muhimu alio nao. Serikali ina siku 60 za kuchunguza, na mahakama huziongeza mara kwa mara hadi zinakuwa miaka. Mwisho wake inapaswa kuchagua. Ikiichukua kesi, mfanyakazi anapata kati ya asilimia 15 na 25 ya kitakachorudishwa. Ikikataa, bado anaweza kuendelea mwenyewe, na akishinda anapata kati ya asilimia 25 na 30. Msomaji asiipite haraka ruhusa hiyo ya kuendelea peke yake. Ofisa wa serikali anayetaka kuizima habari hawezi kuitupa kwenye droo, kwa kuwa faili liko mahakamani, lina namba, na jaji anasubiri jibu. Akitaka kesi ifutwe kinyume na matakwa ya mfanyakazi, inambidi aombe mahakamani na ataje sababu.

Ukubwa wa malipo nao una hesabu yake. Mbali na hasara mara tatu, kila dai la uongo lina faini yake, ambayo kwa viwango vya 2024 ilikuwa kati ya dola 13,946 na 27,894. Hospitali iliyotuma ankara 1,000 za uongo, hata kama kila moja ni ya dola 50 tu, iko katika hatari ya faini ya zaidi ya dola milioni 13. Kwa hiyo hila ndogondogo za kila siku, zile zinazofanywa na karani aliyeagizwa kubadilisha tarakimu moja ya msimbo wa matibabu, ndizo zinazoweza kuiangusha kampuni. Wanaojua jinsi msimbo ulivyobadilishwa, na nani aliagiza, ni makarani wenyewe. Kodi haimo katika sheria hii. Wanaofichua ukwepaji wa kodi wana mpango mwingine, ambao hauwapi haki ya kushtaki.

Tuchukue kesi moja tuiangalie kwa karibu. Mwaka 2002 kampuni ya dawa ya GlaxoSmithKline ilimtuma Cheryl Eckard, meneja wa ubora, kwenda kusaidia kurekebisha kasoro katika kiwanda chake cha Cidra, Puerto Rico. Alikuta makubwa zaidi: vidonge vya dawa tofauti vikichanganyika kwenye chupa moja, dawa zenye nguvu isiyo sahihi, usafi usioaminika. Alipendekeza usambazaji usimame na mamlaka ya dawa ijulishwe. Aliwaeleza wakubwa wake mara kadhaa. Mwaka 2003 akaachishwa kazi. Mwaka 2004 akafungua kesi chini ya lakiri. Msomaji atauliza, wizi wa serikali uko wapi hapo? Uko kwenye malipo. Mpango wa bima ya umma wa Medicaid ulikuwa ukizinunua dawa hizo kana kwamba ni dawa kamili. Oktoba 2010 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 750 kumaliza kesi za jinai na za madai, na Eckard akapata takriban dola milioni 96. Magazeti yaliandika kiasi hicho kwa herufi kubwa. Hayakuandika kwa herufi kubwa ile miaka 7 kati ya kufukuzwa na kulipwa.

Sheria hiyo inawagusa pia Waswahili na Waafrika Mashariki kwa jumla wanaoishi Marekani, na si kwa mbali. Wengi wao hufanya kazi za kuhudumia wazee na wagonjwa, majumbani na katika makao maalumu, na sehemu kubwa ya kazi hizo hulipiwa na Medicaid au na Medicare, bima ya umma ya wazee. Mhudumu anayeambiwa asaini saa 8 ilhali amekaa na mzee saa 3, au aandike kwamba amemwogesha mgonjwa ambaye siku hiyo hakumwona kabisa, anashiriki kutengeneza dai la uongo kwa serikali. Sheria inasema “mtu” anaweza kufungua kesi, haikutaja uraia. Ulinzi dhidi ya kulipiziwa kisasi unamhusu mwajiriwa, mkandarasi na wakala. Aliyefukuzwa, kushushwa cheo au kusumbuliwa kwa sababu ya kujaribu kuizuia hila anaweza kudai kurudishwa kazini, mshahara uliopotea mara mbili pamoja na riba, na gharama za wakili, ilimradi afungue madai ndani ya miaka 3. Hata malalamiko aliyoyapeleka kwa bosi wake tu yanaweza kumpa ulinzi huo. Sheria haitoi dawa ya kila kitu: ambaye viza yake inamtegemea mwajiri bado ana tatizo ambalo fungu hilo haliligusi, na anahitaji ushauri wa uhamiaji kabla ya jingine lolote.

Sasa pingamizi. La kwanza husikika kila mahali: ukiwaahidi watu fedha utazaa waongo na wachongezi. Lina uzito, na historia ya 1943 inalithibitisha kwa kiasi fulani, maana wale waliokuwa wakinakili hati za mashtaka hawakuwa na lolote jipya la kuiambia serikali. Lakini sheria ya sasa imejifunza. Anayetegemea habari zilizokwisha kutangazwa hukataliwa, isipokuwa yeye ndiye chanzo chake halisi. Wa kwanza kufungua ndiye mwenye kesi, wa pili hana chake. Aliyepanga hila mwenyewe hupunguziwa mgawo, na akipatikana na hatia ya jinai kwa hila hiyo hapati hata senti. Anayefungua madai ya kipuuzi ili kumsumbua mtu anaweza kuamriwa kulipa gharama za mshtakiwa. Na juu ya yote, mwongo halipwi kwa kusema. Malipo hutoka tu pale fedha zinaporudi. Nikubali kwamba waajiri wasio na hatia hugharimika kujitetea katika kesi dhaifu, na kesi nyingi ambazo serikali imezikataa huishia bila kitu. Hiyo ni gharama halisi. Ila anayeitaja gharama hiyo aitaje pia ile nyingine, ya dawa mbovu na barabara za kilomita 7.

Pingamizi la pili ni la waajiri waungwana: sheria ya namna hii inamfundisha mfanyakazi kuwaruka wakubwa wake na kukimbilia mahakamani, badala ya kuwaonya ndani kwanza mambo yarekebishwe. Hapa tuna ushahidi. Mwaka 2010 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watu waliozishtaki kampuni za dawa kwa njia hii. Kati ya 22 waliokuwa wafanyakazi wa ndani, 18 walijaribu kwanza kulimaliza jambo ndani ya kampuni. Wengi walisema fedha hazikuwa sababu yao, na wengi walipata hasara ya kipato, afya na ndoa kabla kesi haijaisha. Kwa maneno mengine, mfanyakazi hugonga mlango wa bosi kwanza, na huenda mahakamani baada ya kufungiwa. Mwajiri anayetaka kuonywa ndani ana njia rahisi ya kuhakikisha hilo: awasikilize wanaomwonya.

La tatu ni zito zaidi kisheria. Kwa nini mtu binafsi, ambaye hakuchaguliwa wala kuteuliwa na yeyote, ashike mamlaka ya dola ya kushtaki? Mahakama ya Juu ya Marekani ilijibu sehemu ya swali hilo mwaka 2000 iliposema kwamba mlalamikaji wa aina hii ni kama mtu aliyekabidhiwa sehemu ya deni la serikali, kwa hiyo ana haki ya kulidai. Lakini Septemba 2024 jaji wa shirikisho huko Florida, Kathryn Kimball Mizelle, aliamua kwamba utaratibu mzima unakiuka katiba, kwa kuwa humpa mtu kazi ya ofisa wa serikali bila uteuzi. Uamuzi huo ulikatiwa rufaa. Sidhani hoja hiyo ni ya kubeza. Nadhani tu kwamba inasahau jambo moja: kinachodaiwa ni fedha, hakuna anayefungwa jela na mlalamikaji, na serikali inabaki na uwezo wa kuingilia kesi, kuimaliza kwa makubaliano au kuomba ifutwe. Deni linaweza kukusanywa na wakala bila wakala kuwa mfalme.

Nyumbani kwetu pingamizi huwa la namna nyingine: hayo ni ya wenzetu wenye mahakama za kuaminika, huku mfichuzi anauawa. Afrika Kusini, Agosti 2021, Babita Deokaran, ofisa wa fedha katika idara ya afya ya Gauteng aliyekuwa ametilia shaka malipo ya hospitali ya Tembisa, alipigwa risasi nje ya nyumba yake na kufariki. Haki ya kufungua kesi haizuii risasi, na sheria ya nchi yoyote isiyo na ulinzi wa kweli wa mashahidi itakuwa na damu mikononi. Ila lakiri ya mahakama inafanya jambo moja ambalo barua kwa mamlaka haifanyi: inaihifadhi habari nje ya mikono ya ofisi inayolalamikiwa. Kumnyamazisha aliyesema hakuifuti kesi iliyokwisha kuandikishwa. Mtoa taarifa aliyepeleka bahasha yuko hatarini zaidi, maana akiondoka na bahasha hupotea.

Tuzipime basi sheria zetu kwa kipimo hicho. Uganda iko mbele kwa maandishi. Sheria yake ya Kuwalinda Wafichuzi ya mwaka 2010 inaruhusu taarifa ipelekwe kwa mwajiri au nje, kwa Inspekta Mkuu wa Serikali (IGG), kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, kwa polisi na kwa vyombo vingine kadhaa. Kumdhulumu mfichuzi ni kosa linaloweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 5. Aliyefichua anastahili asilimia 5 ya fedha zitakazorudishwa. Tanzania ilipitisha Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi mwaka 2015, inayomlinda anayetoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka husika na kutaja pia zawadi na fidia. Kenya ina vipande: Sheria ya Rushwa ya mwaka 2016 inamtaka mwenye mamlaka kuripoti hongo ndani ya saa 24, na inamtisha kwa faini ya hadi shilingi milioni 1 au kifungo cha hadi mwaka mmoja yeyote anayemfukuza, kumhamisha kwa hila au kumsumbua aliyeripoti. Miswada kamili ya kuwalinda wafichuzi imekuja na kuondoka bungeni kwa zaidi ya miaka 10. Upande wa kodi, Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) hulipa asilimia 5 ya kodi iliyopatikana, isiyozidi shilingi milioni 5. Fanya hesabu: kodi ikirudi shilingi bilioni 1, aliyehatarisha kazi yake atapata nusu ya asilimia moja.

Sheria zote hizo zina nia njema, na hakuna hata moja inayompa mfanyakazi haki ya kuidai hasara ya serikali mahakamani. Asilimia 5 ya Uganda ni asilimia 5 ya kitakachorudishwa iwapo ofisi fulani itaamua kukifuatilia. Ofisi isipoamua, au mkubwa wake akipigiwa simu, asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Ndiyo sababu sishangai kwamba mjadala wa Nairobi hurudi kila mara kwenye zawadi na adhabu tu. Hivyo viwili vinaiachia serikali uamuzi wote, na serikali yoyote hupenda kubaki na uamuzi wote. Kifungu cha kupigania ni kile ambacho kingesema: serikali ikikaa siku kadhaa bila kuchukua hatua, mfanyakazi aendelee mwenyewe. Kwa bima za afya, ambako mwaka 2025 Kenya ilivisimamisha vituo kadhaa kwa madai ya uongo, yakiwemo ya kumgeuza mgonjwa wa kutwa kuwa wa kulazwa, kifungu hicho kingewageuza makarani wa madai kuwa wakaguzi wa kila siku, bila serikali kuajiri hata mmoja.

Kabla kifungu hicho hakijaandikwa, mfanyakazi wa leo ana nini? Ana sheria ya kazi, ambayo watu wengi huisahau. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema si sababu halali kumwachisha mtu kazi kwa kutoa habari ambazo sheria inamruhusu au inamtaka azitoe, wala kwa kukataa kufanya jambo ambalo mwajiri hana haki kisheria kumwagiza. Maana yake ni kwamba hata yule aliyekataa tu kuweka sahihi ana pa kusimama. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumfukuza mfanyakazi kwa kumlalamikia mwajiri, isipokuwa malalamiko yawe ya ovyo na yasiyo na msingi. Maneno hayo ya mwisho yana uzito: anayelalamika awe na tarehe, namba za ankara na majina ya walioagiza, aliyoyaandika siku ile ile jambo lilipotokea. Asivunje kabati la mtu wala kuingia kwenye kompyuta isiyo yake. Achukue yale yanayompitia mikononi katika kazi yake ya kawaida, na amwone wakili kabla ya kunakili nyaraka za siri za wagonjwa au za ulinzi. Asitumie simu wala barua pepe ya ofisi. Asiweke chochote kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, hata kwa mafumbo. Taarifa anayoipeleka kwa chombo cha kupambana na rushwa, yaani TAKUKURU Tanzania, EACC Kenya au IGG Uganda, iwe ya maandishi, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa kuwa muhuri huo ndio utakaothibitisha kwamba alisema kabla ya kufukuzwa na si baada. Na akifukuzwa Tanzania, asikae nyumbani akisubiri hasira zipoe: mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.